Nani Aliyepanga Mwendo wa Kioo?

Ndugu msomaji, ukiingia leo katika duka la kompyuta pale Kariakoo, utakuta maboksi ya monita yamepangwa kama matofali, na juu ya kila boksi kuna tarakimu iliyoandikwa kwa herufi kubwa: 60, 75, 100, 144, 165, 240. Muuzaji atakuambia kwa kujiamini, "Hii ya mia na arobaini na nne ndiyo ya magemu, bosi wangu." Ukimwuliza mia na arobaini na nne ya nini, atajibu hezi. Ukimwuliza hezi ndiyo nini, atageuka kumhudumia mteja mwingine.

Hezi ni kipimo cha mara ngapi jambo fulani linatokea katika sekunde moja. Kimepewa jina la Heinrich Hertz, Mjerumani aliyethibitisha kuwepo kwa mawimbi ya redio mwishoni mwa miaka ya 1880. Kwenye monita, hezi 60 maana yake kioo kinachora picha upya mara 60 kila sekunde. Hezi 144, mara 144. Ni hilo tu. Lakini katika hilo tu kuna fedha za watu, na kuna historia ndefu ambayo vijana wengi wa kijiweni hatujawahi kusimuliwa.

Mimi ni mtu wa hadithi. Nimeishia kidato cha nne, ndoto yangu ni riwaya, na sikutegemea kwamba nitakaa niandike juu ya tarakimu za maboksi. Lakini washikaji zangu wawili wana kibanda cha gemu huku kwetu uswahilini. Mmoja ni fundi simu, mwingine alikuwa konda kabla ya kuchoka na kelele za abiria. Wameweka akiba miezi saba wanunue monita moja ya maana, kwa sababu wateja wameanza kuhamia kibanda cha mtaa wa pili wakidai kwamba kwetu "kioo kinachelewa". Wakaniambia, "Wewe ndiye msomi wa kijiwe, katusomee. Tukipigwa hapa, tumekwisha." Miezi saba ya jasho la watu wawili si mzaha. Basi nikasoma.

Nilichokikuta kimenivutia kuliko hadithi za kijasusi. Kwa zaidi ya miaka 50 mchezaji wa gemu hakuupanga mwendo wa kioo hata siku moja. Kwanza ulipangwa na jenereta. Kisha ukapangwa na makarani wa ofisini. Halafu ukapangwa na watu waliotaka kuuza miwani. Mchezaji alikuwa kama kitinda mimba katika nyumba yenye watoto wengi: anavaa shati alilokwisha kulivaa kaka yake.

JENERETA

Tuanze na umeme. Katika miaka ya 1890 makampuni ya Ulaya na Marekani yalikuwa yanatafuta namna bora ya kuusambaza. Umeme wa mkondo geu hauendi moja kwa moja kama maji ya mto. Huenda mbele na kurudi nyuma, mara nyingi katika sekunde moja. Westinghouse ya Marekani ilikaa kwenye mara 60. AEG ya Ujerumani ikachukua 50. Sababu zao zilikuwa za mitambo na taa. Mwendo ukiwa wa chini mno, balbu inapepesa na macho yanaumia. Hakuna aliyekuwa anawaza gemu, la hasha! Ulaya ikafuata 50, na makoloni yakafuata mabwana zao. Ndiyo maana umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda ni wa hezi 50 mpaka leo.

Wakati huo huo, mwaka 1897, Karl Ferdinand Braun alikuwa Strasbourg akitengeneza tyubu ya kioo ambayo ndani yake mshale wa elektroni unapiga ukuta uliopakwa dawa ya kung'aa. Tyubu hiyo ndiyo mama wa runinga zote za chogo tulizokulia nazo, zile ambazo ukiiweka moja juu ya kabati, kabati lenyewe linainama.

BBC ilipoanza matangazo ya kawaida ya runinga tarehe 2 Novemba 1936 kutoka Alexandra Palace, London, mafundi walikabiliwa na adha moja. Kama mwendo wa picha haulingani na mwendo wa umeme wa ukutani, mistari ya mngurumo inatambaa juu ya picha. Dawa ikawa rahisi: funga picha kwenye umeme. Uingereza yenye umeme wa 50 ikachora mara 50. Marekani yenye umeme wa 60 ikapitisha mfumo wake mwaka 1941, mara 60. Na kwa kuwa mawimbi hayakutosha kubeba picha nzima kila mara, picha ikagawanywa nusu kwa nusu: inachorwa mistari ya witiri, kisha ya shufwa, jicho linadanganyika kwamba limeona picha kamili.

Kwa hiyo Zanzibar ilipoanzisha runinga yake ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Bara tulipopata runinga mwaka 1994, tulipokea mfumo uitwao PAL, uliobuniwa na Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken ya Ujerumani, wenye nusu-picha 50 kwa sekunde. Tulidhani tumepokea runinga, kumbe tulikuwa tumepokea pia uamuzi wa fundi mitambo wa Kijerumani wa karne iliyotangulia.

Hilo lina uzito gani kwa mchezaji? Chukua Sonic the Hedgehog, gemu ya Sega ya mwaka 1991, ambayo sifa yake yote ni mbio. Ilitengenezwa kwa runinga za 60 za Japani na Marekani. Ilipoletwa kwenye mashine za nchi za PAL, kila kitu kilikwenda taratibu, na muziki pia, kwa kuwa gemu ilikuwa imefungwa kwenye mchoro wa kioo. Gawanya 50 kwa 60, utapata kama asilimia 83. Yule nungunungu aliyetangazwa kuwa hakamatiki alipokonywa karibu sehemu moja ya sita ya mbio zake, na aliyempokonya ni jenereta. Watoto wa PAL walicheza hivyo hivyo, wengi bila kujua kwamba kuna wenzao ng'ambo wanacheza gemu ile ile kwa kasi nyingine.

KUTOKA MAABARA HADI BAA

Msomaji makini ataniuliza: gemu zenyewe zilitoka wapi? Zilianzia mahali ambapo jenereta halikuwa na amri. Oktoba 1958, katika maabara ya Brookhaven huko jimbo la New York, mwanafizikia William Higinbotham alitaka wageni wa siku ya maonyesho wasichoke. Akaunganisha kompyuta na osiloskopu yenye kioo cha inchi 5, akatengeneza mchezo wa tenisi. Watu walipanga foleni ndefu kuucheza. Mwaka 1962, katika chuo cha MIT, Steve Russell na wenzake wakakamilisha Spacewar!, vita vya vyombo viwili vya anga, kwenye kompyuta ya PDP-1. Vioo hivyo vilikuwa vya wanasayansi, vikichora nuru pale tu ilipoagizwa.

Lakini mashine ya maabara haiendi baa. Mwaka 1972 Allan Alcorn wa Atari alitengeneza Pong akitumia runinga ya kawaida ya dukani, nyeusi na nyeupe. Wakaiweka katika baa ya Andy Capp's Tavern, mji wa Sunnyvale, California. Baada ya siku chache wakaitwa kwamba mashine imekufa. Alcorn alipoifungua akakuta haina ugonjwa wowote. Sarafu zilikuwa zimejaa mpaka zimefurika! Biashara ikazaliwa siku hizo. Ila kuanzia hapo mchezo ukawa mpangaji ndani ya nyumba ya runinga, na mpangaji hachagui rangi ya ukuta.

MAKARANI

Mabadiliko yaliyofuata yaliletwa na watu ambao nadhani hawakuwa na habari na gemu kabisa. Katika miaka ya 1980 kompyuta ziliingia maofisini. Karani alikaa mbele ya kioo cha chogo saa nane kwa siku, uso karibu na kioo, na kioo kile kilikuwa kinapepesa. Kwenye chogo nuru huwaka na kuzimika kila picha inapochorwa; ukichora mara 60 tu, jicho lililo karibu linahisi mtetemeko, hasa pembeni. Kichwa kikauma, macho yakawasha.

Huko Uswidi, TCO, ambalo ni shirikisho la vyama vya wafanyakazi, likaingilia kati. Mwaka 1992 likaanza kutoa nembo kwa monita zinazostahili mfanyakazi. Katika nembo ya mwaka 1999 monita ya chogo ilitakiwa iweze kuchora angalau mara 85 kwa sekunde. Viwanda vilivyotaka nembo vikatii. Basi monita nzuri za miaka ya mwisho ya 1990 zikawa na uwezo wa 85, 100, hata 120 pale unapopunguza ukubwa wa picha.

Wachezaji wakaokota zawadi isiyokuwa yao. Doom, iliyotolewa na id Software ya Texas tarehe 10 Desemba 1993, ilikwenda mwisho wa fremu 35 kwa sekunde, nusu kamili ya hezi 70 za kioo cha VGA cha siku hizo. Miaka miwili na nusu baadaye, Juni 1996, kampuni hiyo hiyo ikatoa Quake, na vijana wakaanza kupigana kwa mtandao. Mwaka 1997 kijana wa miaka 20, Dennis Fong, aliyejulikana kwa jina la Thresh, alishinda mashindano ya Quake huko Atlanta na kuondoka na gari la Ferrari, mali ya John Carmack mwenyewe, mmoja wa waliotengeneza gemu hiyo. Ferrari, ndugu zangu, kwa kubonyeza vitufe! Kuanzia hapo hakuna aliyethubutu kusema ni mchezo wa kitoto.

Palipo na Ferrari watu huanza kuhesabu kila kitu. Katika Quake III ya mwaka 1999 wachezaji waligundua kwamba kompyuta inayotoa fremu 125 kwa sekunde inamfanya mtu aruke juu zaidi kidogo, kwa sababu ya namna programu ilivyokuwa inakadiria namba. Katika Counter-Strike, iliyoanza mwaka huo huo kama kazi ya mikono ya vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, wachezaji walitafuta fremu 100 na chogo la kuzionyesha. Karani aliomba macho yasiume. Mchezaji akapata mbio.

FLATI IKAJA, MBIO ZIKARUDI NYUMA

Hapa ndipo historia ilipopiga kona, na hapa ndipo wengi tunapodanganyika. Tumezoea kuamini kwamba kipya kinakishinda cha zamani. Kufikia katikati ya muongo wa 2000 monita bapa, tunazoziita flati, zilikuwa zinayafukuza machogo maofisini na majumbani. Ni nyepesi, zinakula umeme kidogo, zinapendeza mezani. Lakini kwa mchezaji zilikuwa hasara.

Sababu yake ni hii. Ndani ya flati taa ya nyuma inawaka muda wote. Picha haizimiki kati ya mchoro mmoja na mwingine. Kwa hiyo hakuna mpepeso. Na kama hakuna mpepeso, karani halalamiki. Na kama karani halalamiki, kiwanda hakina sababu ya kupita hezi 60. Umeona, msomaji? Aliyekuwa akipigania hezi kwa niaba yetu bila kujua aliridhika, akaondoka uwanjani, nasi tukabaki hatuna wakili.

Zaidi ya hapo, vitone vya flati za mwanzo vilibadilika rangi polepole, milisekunde 16, 25 na zaidi. Adui anapita mlangoni anaacha mkia nyuma yake kama kimondo. Na hata kitone kiwe chepesi namna gani, picha inayoganda kioni mpaka mchoro unaofuata humfanya mwenye jicho linalofuatilia mwendo aone ukungu. Chogo halikuwa na tabu hiyo, kwa kuwa nuru yake humweka na kufa mara moja.

Ndiyo maana kuna watu mpaka leo hawajaachana na machogo. Kuna monita ya Sony iitwayo GDM-FW900, inchi 24, yenye uzito wa zaidi ya kilo 40, ambayo wapenzi wa gemu bado wanaitafuta kama lulu. Na wachezaji wa Super Smash Bros. Melee, gemu ya Nintendo ya mwaka 2001, wanaendelea kubeba runinga za chogo mabegani kwenda nazo mashindanoni, maana mashine ile ya zamani ikifungwa kwenye runinga bapa, amri ya kidole huchelewa kufika kioni. Vijana wa Marekani, nchi yenye kila kitu, wanabeba chogo! Sisi tuliyauza kwa wanunua vyuma chakavu.

MIWANI

Mkombozi alipokuja, alikuja kwa njia ya pembeni. Mwaka 2009 kampuni ya NVIDIA ilitoa miwani ya kuonyesha picha zenye kina, ile tunayoiita thrii-dii. Miwani inafunga jicho la kushoto, kisha la kulia, kwa kupokezana, na kila jicho linapata picha yake. Ili kila jicho lipate picha 60, kioo lazima kichore 120. Basi Samsung ikatoa SyncMaster 2233RZ na ViewSonic ikatoa VX2265wm, monita bapa za inchi 22 zenye hezi 120.

Watu wakavaa miwani, vichwa vikauma, wakavua. Lakini walipoivua wakaona jambo: hata bila miwani, mshale wa kipanya unateleza kama samli. Adui anayepita anaonekana sura, si ukungu. Miwani ikafa taratibu, NVIDIA ikaacha kuihudumia mwaka 2019, ila hezi hazikurudi nyuma. Mwaka 2012 ASUS ilitoa VG278HE ya hezi 144, na wenzake wakafuata. Monita bapa zikazidi kutengenezwa na kutangazwa kwa jina la mchezaji.

Tatizo la mwisho likashughulikiwa Oktoba 2013. Kompyuta haitoi fremu kwa mwendo uleule. Chumba kitupu inatoa 140, mlipuko ukitokea inashuka 70. Kioo chenye mwendo wa kudumu hukutana na fremu njiani, na picha inakatika katikati kama karatasi iliyochanwa. NVIDIA ikaleta G-Sync, kioo kinachoisubiri kompyuta badala ya kompyuta kukikimbilia kioo. AMD ikajibu kwa FreeSync mwaka uliofuata, na kuanzia Januari 2019 kadi za NVIDIA nazo zikakubali kufanya kazi na monita nyingi za aina ya FreeSync. Tangu 1936 kioo kilikuwa kinafuata mwendo wa kudumu uliopangwa na wengine. Sasa kikaanza kufuata mchezo wenyewe.

HESABU YA KIJIWENI

Baada ya hapo tarakimu zikapanda kama nauli: 240 kufikia mwaka 2017, 360 mwaka 2020, 540 mwaka 2023. Hapa naomba tushike kalamu, maana ndipo miezi saba ya washikaji zangu ilipokuwa inaning'inia.

Kioo cha hezi 60 kinakupa picha mpya kila baada ya milisekunde 16.7. Cha 144, kila baada ya 6.9. Cha 240, 4.2. Cha 360, 2.8. Sasa toa. Kutoka 60 kwenda 144 umeokoa karibu milisekunde 10. Kutoka 144 kwenda 240 umeokoa 2.7. Kutoka 240 kwenda 360 umeokoa 1.4. Bei inapanda ngazi, faida inashuka ngazi. Hatua ya kwanza hata bibi asiyejua gemu ataiona kwa kusogeza kipanya. Hatua ya tatu inamhusu mtu anayelipwa kucheza.

Pili, kioo hakitengenezi fremu, kinazionyesha tu. PlayStation 4 haitoi zaidi ya hezi 60. Ukiifungia monita ya 240 ni sawa na kumvika bodaboda tairi la ndege. PlayStation 5 ya mwaka 2020 inafika 120, na si kwa kila gemu. Tekken, inayopendwa kibandani kwetu kuliko chakula, inakwenda fremu 60 kwa sekunde. Kwa gemu hiyo uliza kwanza kioo kinachelewesha amri kiasi gani. Na kama ni runinga, hakikisha umewasha mpangilio wa gemu, unaoizuia isikae inaremba picha kabla ya kuionyesha.

Tatu, umbali. Kutoka Dar hadi Ulaya ya Magharibi ni takriban kilomita 7,000. Nuru ndani ya nyaya za fiba hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni milisekunde 70, hata kama waya ungenyooka kama rula, na haunyooki. Mtu anayecheza na seva ya mbali namna hiyo asijinyime chakula kwa ajili ya milisekunde 2.7. Lakini ninyi mnaocheza kibandani, mabega yakigusana, hamna bahari katikati yenu. Kwenu kioo kina sauti.

Nne, maneno ya boksi. "Milisekunde 1" inayoandikwa hupatikana mara nyingi katika mpangilio mmoja tu wa kulazimisha, ambao ukiuwasha unaleta kivuli cheupe nyuma ya kila kitu. Kioo cha aina ya VA kina weusi mzuri, lakini nyingi zake huburuta mkia kwenye giza. Cha IPS kina rangi nzuri na siku hizi kina mbio za kutosha. Cha TN kina mbio ila ukikaa pembeni rangi zinageuka, na kibandani watu wote hukaa pembeni. OLED inazishinda zote kwa wepesi, na bei yake pia inazishinda zote.

Nikawaambia washikaji hivi: mashine zenu mbili ni PlayStation 4, ziacheni na vioo vya 60 visivyochelewesha. Fedha zote ziende kwenye monita moja ya 144 ya IPS, ifungwe kwenye ile kompyuta ambayo gemu zake nyepesi za kulengana zinafika fremu 140. Fundi simu akakubali palepale. Konda akauliza, "Kwa hiyo kwenye Tekken tukifungwa, tusisingizie kioo tena?" Nikamsimulia habari za Arslan Ash, kijana wa Lahore, Pakistan. Mwaka 2019 alitwaa ubingwa wa Tekken katika mashindano ya EVO kule Japani, na mwaka huo huo akautwaa tena Las Vegas, wakati ulimwengu wa gemu haukuwa na habari kwamba Pakistan wanacheza. Mabingwa wa Korea na Japani walikuwa na vioo hivyo hivyo vya fremu 60. Tofauti ilikuwa Lahore, kwenye vijiwe ambako vijana walipigana wao kwa wao kila siku.

Hilo nalisema ili tusiiabudu tarakimu. Lakini nalisema pia kwa upande wa pili. Kuna kijana aliyecheza miaka yake yote kwenye kioo kinachochelewa, akaambiwa ana vidole vizito, akaamini. Huyo alidhulumiwa na kitu ambacho hakukijua jina. Kumjulisha jina lake ni haki yake, hata kama fedha ya kubadilisha kioo bado hana.

Sasa hivi, wenzetu wa Ulaya na Ghuba wanapokimbilia 240 na 360, zile 144 zao zinashuka bei na kuingia kwenye soko la mitumba. Tunarithi tena shati la kaka, sawa, ila safari hii shati lenyewe ni zima. Ukienda kulichukua, usinunue gizani. Mwambie muuzaji aiwashe. Tafuta vitone vilivyokufa kwenye picha nyeupe na picha nyeusi. Angalia tundu la waya, kwa sababu waya au tundu la zamani la HDMI linaweza kukunyima hezi ulizozilipia; ikiwezekana tumia DisplayPort. Halafu ukifika nyumbani fungua mipangilio ya kompyuta, sehemu ya kioo, usome imeandikwa ngapi. Mara nyingi utakuta 60. Windows hupenda kuanzia hapo, na wapo watu walionunua 144 wakacheza mwaka mzima kwa mwendo wa jenereta la Westinghouse, maskini, wakisifia ulaini. Badilisha mwenyewe, kwa mkono wako, ndipo umwite wa kwanza aje aketi.